Ushauri: Chumley na Cholmondeley ni ukoo mmoja?

MamaPendo: Wadau, habari zenu. Mume wangu ni Mwingereza, na marehemu mama yake alizaliwa akiitwa Chumley kwa jina la ukoo. Tangu tuhamie Nakuru, kila anayelisikia jina hilo ananiambia ni lile lile la Cholmondeley, ukoo wa Lord Delamere, yule mlowezi maarufu wa Kenya. Watoto wamefurahi mno, wanataka niwaandikie historia ya ukoo. Sitaki kuwaandikia uongo. Nianzie wapi?

Mzee_Nyaraka: Dada, matamshi ni yale yale kweli. Cholmondeley husomwa "Chamli". Chimbuko ni kijiji cha Cholmondeley, katika jimbo la Cheshire, Uingereza, kilichoandikwa Calmundelei katika Domesday, kitabu cha ardhi cha 1086: mahali palipofyekwa msituni, pa mtu aliyeitwa Ceolmund. Tahajia ilichukua karne nyingi kutulia, kwa hiyo utakutana na Cholmeley, Cholmley na Chumley. Sir Roger Cholmeley alianzisha shule ya Highgate, London, 1565. Sir Hugh Cholmley wa Whitby aliilinda ngome ya Scarborough ilipozingirwa 1645. Ila jina la kijiji hubebwa hata na kibarua aliyehama kwenda kutafuta kazi. Lisikufanye uwaahidi watoto ubwanyenye.

Kijana_wa_Njoro: Naongezea la kwetu. Delamere ni cheo, kilitolewa 1821. Ukoo wenyewe ndio Cholmondeley. Na Lord Egerton, aliyeanzisha shule ya kilimo hapa Njoro 1939, leo Chuo Kikuu cha Egerton? Egerton nako ni kijiji cha Cheshire, kimepakana na Cholmondeley! Lakini hao Egerton wa kwetu, kwa upande wa kiume, ni watu wa ukoo wa Tatton. Jina walilirithi kwa bibi yao. Kwa hiyo hata jina likifanana herufi kwa herufi, damu inaweza kuwa imepita njia nyingine.

Mzee_Nyaraka: Umesema vema, kijana. MamaPendo, usianze na Lord ukashuka. Anza na mama mkwe, kisha upande juu. Uandikishaji wa vizazi na vifo wa serikali huko Uingereza ulianza Julai 1837. Nyuma ya hapo kuna rejista za parokia, zilizoamriwa 1538. Faharasa ya vizazi, ndoa na vifo ya tovuti ya FreeBMD ni bure mtandaoni. Tafuta kwa kila tahajia, maana karani aliandika alivyosikia.

MamaPendo: Asanteni sana, mmenifungua macho. Cheti cha ndoa cha mama mkwe ninacho, kimetaja baba yake: fundi wa reli.

Mzee_Nyaraka: Hapo umepata pa kushika. Agiza kwanza cheti cha kuzaliwa cha mama mkwe, upate na jina la mama yake. Kisha mtafute huyo fundi katika sensa ya 1921, itakuonyesha alikozaliwa. Ya 1931 usijisumbue nayo, iliteketea kwa moto 1942. Ukishajua alikozaliwa, rudi hapa tutazame rejista za parokia hiyo pamoja.