Sheria ya kuzuia mitandao isifute machapisho: inamlinda mtumiaji au mgombea?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwaka 2021 majimbo mawili ya Marekani, Florida na Texas, yalitunga sheria za kubana kampuni kubwa za mitandao zisifute machapisho wala kufungia watu ovyo kwa sababu ya misimamo yao. Waliozitunga wanasema wanatetea uhuru wa kusema. Mimi naona wamejitetea wenyewe.

Tazameni tarehe. Januari 6 wafuasi wa Trump walivamia Bunge pale Washington, siku mbili baadaye Twitter ikamfungia. Mei gavana Ron DeSantis, wa chama cha Trump, akasaini sheria ya Florida, Septemba gavana Greg Abbott, wa chama hicho hicho, akasaini ya Texas. Ya Florida inasema ukimfungia mgombea wa nafasi ya jimbo zima, faini ni dola 250,000 kwa siku. Nafasi nyingine, 25,000. Mtu wa kawaida je? Akafungue kesi mwenyewe. Na kituko: kampuni zenye viwanja vikubwa vya burudani ziliachwa nje ya sheria. Kwa Florida hapo inasemwa Disney, nani asiyejua? Mwaka uliofuata wakubwa wa Florida walipokosana na Disney, msamaha ukafutwa.

Huku Afrika mambo yalikuwa hayo hayo. Januari hiyo hiyo Facebook ilifuta akaunti zilizohusishwa na wizara ya habari ya Uganda, siku chache kabla ya uchaguzi. Museveni hakuhangaika na sheria, aliifunga Facebook nchi nzima. Juni Twitter ikafuta ujumbe wa Rais Buhari, Nigeria nayo ikaifungia Twitter miezi saba. Trump akatoa taarifa ya kuipongeza Nigeria! Yaani kilio cha wanasiasa hawa siyo kwamba watu wananyamazishwa. Ni kwamba safari hii wamenyamazishwa wao.

Julai 1, 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilirudisha kesi za kupinga sheria za majimbo yote mawili mahakama za chini zikachambuliwe upya. Lakini Jaji Elena Kagan aliandika wazi kwamba kuchuja na kupanga machapisho ni kusema pia, kama afanyavyo mhariri wa gazeti. Naunga mkono. Nyie mnasemaje?

Mchangiaji, Houston

Ndugu, mwaka 1974 mahakama hiyo hiyo ilikataa gazeti la Miami Herald lilazimishwe kuchapa majibu ya mgombea, na ni sawa kabisa, gazeti hubeba dhamana ya kila linachochapa. Hawa wa mitandao wana kinga tangu 1996: mtumiaji akimchafua mtu, kampuni haishtakiwi. Sasa wakishtakiwa wanasema sisi ni ubao tu, watu wanabandika. Wakiambiwa basi msibandue, wanasema sisi ni wahariri. Wachague moja.

Halafu Oktoba 2022 Elon Musk alitoa dola bilioni 44 akainunua Twitter, na mwezi uliofuata akaunti ya Trump ikarudishwa. Haki yangu ya kusema inategemea nani kanunua duka? Sheria ya Texas pia inataka kampuni ikueleze sababu ya kufuta na ikupe nafasi ya kukata rufaa. Hilo mbona umelipita kimya?

Mchangiaji, Mombasa

Nyinyi mwagombana juu ya Trump, kaka zangu. Mimi nauza madira na vitambaa mtandaoni. Asubuhi moja kabla ya Idi nafungua simu, ukurasa haupo. Ujumbe wasema nimekiuka viwango vya jamii, kiwango gani hawasemi. Chini pana kitufe cha kupinga uamuzi, nikakibonyeza, likaja "tumepokea". Basi, hadi leo. Wateja nao wadhani nimetoroka na pesa zao. Sijui aliyenihukumu ni mtu au ni mashine, na kama ni mtu, Kiswahili akijua? Sheria ya kunipa jibu naitaka hata kesho, aitunge nani sijali.

Mchangiaji, Dar

Dada pole sana. Ila kujali nani anaitunga ni muhimu. Huku kwetu serikali haijawahi kulazimisha mtandao *usifute*. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipie leseni, zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, na Juni mwaka huo JamiiForums ikazimika kwa muda. Ukishampa mtu mamlaka ya kusema "hili lisifutwe", umempa na ya kusema "lile lifutwe".

Mleta mada

Dada wa Mombasa, kupewa sababu na rufaa nakuunga mkono moja kwa moja, na hilo litungiwe sheria yake peke yake, bila kufungwa pamoja na mambo ya wagombea. Mkuu wa Houston, kinga ile ya 1996 iliwekwa makusudi ili kampuni ziweze kuchuja bila hofu ya kesi, kwa hiyo ubao na uhariri vilikwenda pamoja tangu mwanzo. Ila nijibu hili: chapisho limefutwa, kampuni inasema ni matusi, mwenyewe anasema ni msimamo wake. Nani aamue? Kwa sheria ya Texas, anayeweza kuiburuza kampuni mahakamani kwa niaba ya jimbo ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo, naye ni mwanasiasa wa kupigiwa kura, ana chama. Wewe unayeishi huko, ungemwachia?