Supavaiza kanifutia "msaragambo" kwenye disatesheni, nifanyeje?

kijana_wa_Same

Wakuu habari za muda huu, naomba ushauri kwa mliopita masta au mnaofundisha vyuo.

Nasoma masta ya mambo ya maendeleo vijijini, chuo nisikitaje, niko chapta ya nne. Utafiti nimefanyia kwetu Same kule milimani, kuhusu ndiva na namna watu wanavyogawana maji. Kwa wasioijua, ndiva ni kabwawa kanajaa usiku, asubuhi kanafunguliwa maji yanashuka mashambani kwa zamu, na kukatunza ndo kuna huo msaragambo sasa, kila kaya inatoka na jembe kuzibua mfereji na kutoa tope, usipotoka faini inakuhusu. Mahojiano nimefanya Kiswahili na wazee wengine Kipare, nimekaa na zile rekodi miezi miwili nazisikiliza na kuandika mpaka masikio yanauma.

Juzi supavaiza karudisha kazi. Kila palipo msaragambo kapiga mstari mwekundu pembeni kaandika "komyuniti patisipesheni". Ndiva kaifanya bwawa dogo la Kizungu. Nukuu za wazee anataka Kiingereza kitupu, maneno yao yenyewe nikayaweke kwenye viambatisho huko nyuma ambako hakuna anayefungua.

Shida yangu ni kwamba kuna mzee aliniambia hivi, msaragambo sio kushiriki, ni kudaiwa. Kushiriki unaweza ukakataa. Chapta yangu nzima imesimama hapo wakuu, sasa nikiweka hilo neno la supavaiza ambalo ndo wenye miradi wanalitumia wakija na magari yao, hoja inakufa. Nimejaribu kumwelewesha akasema mtahini wa nje hataelewa. Mtahini wa nje mwenyewe Mtanzania!! Nikauliza basi naweza kuandika yote kwa Kiswahili, nikajibiwa nihamie Idara ya Kiswahili.

Kuna aliyewahi kuishinda hii vita au nikubali tu nichukue cheti nisepe?

Njaa_ya_Msomi

Kubali usepe. Mimi nilibishana nikakaa mwaka mzima zaidi ya wenzangu na ada nikalipa tena. Disatesheni haisomwi na mtu dogo, hoja zako zitunze ukipata PhD yako utasema unachotaka.

Chaki_Nyeupe

Ndo hivyohivyo na mimi niliambiwa nisubiri PhD, nilipoipata nikaambiwa nisubiri uprofesa.

Kijana usimchukie supavaiza wako, anaogopa tu. Wakikuambia Kiswahili hakina istilahi usiwasikilize, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili inafundisha kwa Kiswahili tangu 1970 na tasnifu zinaandikwa mpaka za uzamivu. Isimu nayo haikuwa na istilahi, ila watu walikuwa na kipindi Jumatatu asubuhi wanafunzi wanasubiri, ikabidi zipatikane. Sosholojia na uchumi haijawabidi mpaka leo.

Kinachobana ni kamati. Mhadhiri anapanda cheo kwa machapisho, ukipeleka makala ya Kiswahili swali la kwanza ni hilo jarida limo kwenye Scopus, ile orodha ya kimataifa ya majarida? Mimi makala ninayoiona bora kuliko zote nimeandika Kiswahili, ikapewa pointi chini ya ile ya Kiingereza niliyoandika wiki mbili kukimbizana na tarehe. Aliyekaa kwenye ile kamati kafika pale kwa Kiingereza chake, sasa wewe unataka ashushe bei ya bidhaa yake mwenyewe?

Na sio jambo la jana hili. Tume ya elimu ya Makwetta mwaka 1982 ilishapendekeza sekondari zianze Kiswahili 1985 na vyuo vikuu 1992. Yaani wewe hapo ungekuta kazi imeshafanyika kabla hujazaliwa. Serikali ikakataa, Mwalimu Nyerere mwenyewe akaja kusema Kiingereza ndo Kiswahili cha dunia (na huyu ndo aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mpaka leo sijaelewa vizuri alikuwa anawaza nini), miaka michache mbele Waingereza wakatoa hela za mradi wa kuinua Kiingereza sekondari. Sera ya elimu ya 2014 ikasema Kiswahili ngazi zote, toleo la 2023 sekondari tukarudi kulekule. Kila kizazi kinabisha hodi upya.

Wa_Limuru

Niko Kenya, hii stori naijua kutoka upande wa pili. Oktoba 1968 pale chuoni Nairobi mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, Afrika ikae katikati kwa somo la fasihi. Na walishinda, idara ikabadilishwa. Lakini angalia, hizo fasihi za Kiafrika zikaendelea kusomeshwa kwa Kiingereza! Jina lilienda lugha ikabaki kwa kiti.

Halafu 1977 ndio utaona nguvu ziko wapi. Mwaka huo Ngũgĩ alitoa riwaya ya Kiingereza inayoisema serikali vibaya sana, na aliyeizindua ni Kibaki, akiwa waziri wa fedha. Miezi michache tu baadaye wanakijiji wa Kamirĩĩthũ wakaigiza tamthilia yake kwa Gĩkũyũ, wafanyakazi wa kiwanda na wakulima wenyewe wakiwa jukwaani, wiki chache ikapigwa marufuku na mwisho wa Desemba profesa akachukuliwa usiku akawekwa ndani karibu mwaka mzima. Alipotoka chuo hakikumrudishia kazi. Mtu huyohuyo na hasira ileile, lakini akiandika Kiingereza anapewa waziri wa kumzindulia, akiongea lugha mamake anaelewa ni kizuizini. Kwa hivyo usidhani supavaiza wako anapigania ufasaha.

Kilugha_Changu

Naomba niwaharibie starehe kidogo. Mbona mnaongea kama Kiswahili ndo yatima hapa? Mimi Mhaya, darasa la tatu nimechapwa fimbo kwa kuongea Kihaya uwanjani, Kiswahili ndo kilikuwa kimeshika fimbo. Nilipofika sekondari nikachapwa tena kwa kuongea Kiswahili, kwa iyo fimbo nimezila lugha mbili. Leo watoto wangu Kihaya wanajua salamu na chakula tu.

Sasa mleta mada nikuulize, huyo mzee alisema "kudaiwa" kwa lugha gani? Kama aliongea Chasu, yaani Kipare chenyewe, ukamwandika Kiswahili basi ushamfuta mara moja kabla ya supavaiza kushika peni. Unalalamika nini wakati wewe na yeye mnafanya kazi moja, yeye kamalizia tu?

Chaki_Nyeupe

Hapo umenigusa hata mimi. Sina jibu.

Mtafiti_Mitumba

Tuache kurushiana, dogo anataka kupita viva, kuitetea kazi yake mbele ya watahini. Ushauri wangu, usiombe kuandika yote Kiswahili, hiyo wataikataa kwenye kamati kabla hujamaliza sentensi. Omba kidogo kidogo. Neno msaragambo libaki, ulifafanue mara moja kwenye chapta ya kwanza kwa aya nzima kisha ulitumie kama neno la kawaida, useme ni dhana ya uchambuzi. Ukishaliita dhana wanaliogopa, mbona maneno ya Wafaransa na Wajerumani wanayabeba bila kutafsiri na hakuna anayelia mtahini hataelewa. Nukuu weka lugha aliyosema mtu juu, tafsiri chini yake. Mwambie supavaiza msomaji anatakiwa aweze kuikagua tafsiri yako, hilo ni suala la mbinu za utafiti na kwenye mbinu hawezi kubisha sana.

Na ukitaka mfano wa kumuonyesha, Afrika Kusini Hleze Kunju alipata PhD pale Rhodes mwaka 2017 tasnifu kaiandika isiXhosa, inahusu Waxhosa walioko Zimbabwe. Ila usitaje kwa kishindo, atakujibu wenzetu wana lugha rasmi kibao kwenye katiba.

Njaa_ya_Msomi

Kweli kabisa, Kunju mwenyewe alikuwa kwenye lugha za Kiafrika, sio maendeleo vijijini. Usimpe dogo matumaini hewa.

Mtafiti_Mitumba

Sijampa matumaini, nimempa nukuu mbili kwa ukurasa.

kijana_wa_Same

Wakuu nimerudi, samahani nilikimbia kidogo.

Nimekaa na supavaiza jana. Nukuu za lugha mbili kakubali, ile hoja ya kukagua tafsiri imefanya kazi kweli. Msaragambo kasema libaki ila kila linapotokea liandikwe kwa mlazo, yaani mara mia na kitu kwenye chapta moja neno linalala upande kama mgonjwa. Nimekubali. Ndiva bado tunavutana. Nimeamua pia chapta ya nne niiandike Kiswahili pembeni nikaitoe nakala steshenari niwapelekee kamati ya maji kule, mwenyekiti wao aliniuliza mara tatu kitabu kinatoka lini.

Kilugha_Changu, swali lako lilininyima usingizi nikairudia rekodi. Ni kweli mzee aliongea Kipare pale, hiyo "kudaiwa" ni yangu mimi. Nimempigia mama nikamchezea kipande chenyewe kwa simu, anasema hilo neno sio deni, deni unalilipa likaisha na hili haliishi, akajaribu kunieleza dakika ishirini salio likakata. Nimeweka vocha. Hata linavyoandikwa bado hatujakubaliana.