Masika inaaga, Kusi inaingia: tupeane uzoefu wa upepo, dhoruba na baridi

Mkwaju wa Bagamoyo

Wakuu, habari za asubuhi. Tangu juzi upepo huku Bagamoyo umegeuka. Wiki mbili zilizopita tulikuwa katika tangambili, leo upepo unatoka huku, kesho kule, bahari shwari mpaka unaona kivuli cha mlingoti majini. Sasa unatoka kusini mchana kutwa, mvua inakuja kwa mikupuo usiku, na alfajiri watoto wanagombania shuka. Kusi imeingia.

Wataalamu wanaeleza kwamba huko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, hewa inapoa na kuwa nzito, mgandamizo unaongezeka, na hewa hiyo inasukumwa kuja kwetu. Ndiyo maana upepo huu una ubaridi. Na kwa kuwa unakutana na unyevu wa Masika ambao haujaisha, Aprili na Mei ndiyo miezi inayotuchanganya sana sisi watu wa pwani.

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Nilikuwa naisikia redioni, naendelea na chai. Siku moja nikiwa njiani kwa mashua kwenda Unguja ndipo nikajua maana yake. Mita 2 ni pale chombo cha mwenzako kilicho hatua mia moja kutoka kwako kinazama machoni, unabaki kuona ncha ya mlingoti tu, unahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo anaibuka. Kilomita 40 nchi kavu ni pale kanga inasimama bapa kwenye kamba, makuti yote yanalala upande mmoja, na mchanga unakuchapa vifundoni. Siku hizi nikisikia tangazo lile naacha chai.

Naomba tupeane uzoefu. Sema uko wapi, uliona nini saa chache kabla, na ulifanya nini. Tulete ya kwetu wenyewe, tuache ya kusikia.

Mwana wa Kivinje

Asante mkuu. Mimi Kilwa Kivinje. Yangu ni ya kimbunga Hidaya, Mei 2024.

Tangazo tulilipata siku kadhaa kabla, redioni na kwenye simu, kwa hiyo hakuna wa kusema hakujua. Tatizo lilikuwa mazoea. Aprili 2019 tuliambiwa Kenneth anakuja, akaishia kuipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021 Jobo alielekezwa Dar es Salaam, akafia baharini kabla ya kufika. Basi pwani watu wakawa wanasema huyu naye atapita tu.

Nyumbani kwetu aliyekataa ni bibi. Yeye alizaliwa mwaka wa tufani ya Lindi, 1952, na kwao umri wake ulihesabiwa kwa tufani ile. Akatuambia, "Pandisheni dau." Tukamwambia bibi, dau limefungwa vizuri, nanga mbili. Akasema, "Nimesema pandisheni." Tukakusanya vijana wanane, magogo ya mnazi chini, tukalisukuma mpaka kwenye mti wa mkungu, tukalifunga shinani.

Sasa nisikilizeni hapa wenye vyombo. Upepo ulianza kutoka kusini. Kusi ya kawaida kabisa, kali kidogo. Hiyo ndiyo iliyowaponza wengi, kwa sababu walishafunga vyombo vyao kwa kukinga Kusi, wakaenda kulala. Kimbunga chenyewe kilikuwa kinapita kaskazini yetu, upande wa Mafia, ambako kilifika Jumamosi tarehe 4. Kilivyozidi kusogea, kwetu upepo ukaanza kugeuka, ukawa unatoka mashariki, baharini moja kwa moja. Ngalawa zilizokuwa zimejificha zikajikuta ziko wazi. Asubuhi nilikuta za majirani mbili zimepandana, moja imevunjika mrengu, ya pili imejaa mchanga mpaka kwenye kingo.

Mvua nayo ilikuwa haianguki, inakuja ubavuni. Ikaingia ndani kupitia tundu za ukuta ambazo hatukujua kama zipo. Baada ya hapo barabara ya kwenda Dar ikakatika pale Somanga, malori na mabasi yamepanga foleni huku na huku, unga ukapanda bei. Sisi dau letu lilipona.

Mikarafuu

Mwana wa Kivinje, mpe bibi salamu kutoka Wete, Pemba. Miaka 80 kabla ya tufani yake, Aprili 1872, tufani nyingine ilipiga Unguja. Ilizamisha vyombo vya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi, mashamba kwa mashamba. Pemba iliguswa kidogo tu, na ndipo karafuu ikawa zaidi yetu kuliko ya Unguja. Wazee wetu wakikwambia Aprili si mwezi wa kuchezea, wana sababu.

Taa ya Dagaa

Wakuu, tusisahau ziwani. Mimi nipo Ukerewe, navua dagaa miaka kumi na moja.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na Ziwa Victoria hukasirika usiku. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya maji, hewa inapanda, wingu linajengeka juu yenu. Mwezi wa nne ndiyo unazidi.

Kuna usiku mmoja taa zimeshawaka, dagaa wameanza kupanda, maji yanametameta kama yanachemka. Radi ilikuwa mbali mashariki, tunaona mwanga bila sauti. Halafu nikahisi ubaridi wa ghafla shingoni, pamoja na harufu ya udongo uliolowa. Udongo, katikati ya ziwa! Upepo ulikuwa umeibeba harufu kutoka kule mvua ilikoshuka. Nikamwambia mwenzangu tuondoke. Akasema tuvute hili la mwisho. Tulibishana pengine dakika moja, nikachukua kisu nikakata kamba ya wavu. Wavu ule ulikuwa wa mkopo. Tulipofika kisiwani mtumbwi ulikuwa na maji ya magoti na mikono yangu ilikuwa haifunguki, imeganda kwenye ndoo ya kukumbia.

Mitumbwi mingine miwili haikurudi usiku ule. Mmoja tuliupata. Watu wake walikuwa wamevaa majaketi okozi, wakaokolewa asubuhi. Wavu nililipa kwa miezi mitano, na sijawahi kuujutia.

Mama Tegeta

Poleni sana ndugu zangu. Yangu ni ya nchi kavu, Dar. Upepo wa mwezi wa nne uliezua bati zangu sita. Uliingia kwa dirisha la sebuleni lililokuwa wazi, ukajaa ndani, ukasukuma paa kutoka chini. Fundi alikuwa amebana misumari katikati, pembeni ameweka michache, na pembeni ndiko upepo unakoanzia kufunua. Mkisikia angalizo, fungeni madirisha ya upande unaotoka upepo. Na mkiezeka, simameni chini mhesabu misumari ya ukingoni wenyewe.

Viazi Makete

Habari wakuu. Nasoma hapa mnaogopa upepo, na mimi kwetu naomba upepo usitulie.

Sisi huku Makete, Masika ikiisha tu baridi inashuka kuelekea Kipupwe. Usiku ukiwa na mawingu, au upepo unavuma, nalala. Nikitoka nje saa mbili usiku nikakuta nyota zimejaa, hewa imesimama, moshi wa jikoni unapanda wima bila kuyumba, najua alfajiri kuna sakitu, umande ulioganda kuwa barafu. Joto la ardhi linapotea angani lote, hakuna wingu la kulizuia, na hewa baridi inateremka kimyakimya kwenda bondeni kama maji.

Mwaka wangu wa kwanza kulima nilipanda viazi bondeni kwa sababu udongo ni mzuri. Asubuhi nikakuta majani yote yana weupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Nikafurahi hata, yalikuwa mazuri kutazama. Jua lilipopanda yakalegea, mchana yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Nusu ekari. Mkulima wa mgongoni mwa kilima, hatua chache juu yangu, viazi vyake vilikuwa kijani. Bondeni sasa napanda mapema, nivune kabla ya Juni, na vya kuchelewa napanda mteremkoni.

Mtu wa Likoni

Hamjambo. Mombasa Hidaya tuliiskia zaidi kwa tahadhari kuliko kwa madhara, lakini wiki mbili hivi baadaye, Mei hiyohiyo 2024, kimbunga Ialy kikapita mbali huko baharini, na upepo wake ukatufikia. Mzee wangu huvua kwa mshipi hapo ufuo wa Shelly. Alirudi saa tatu asubuhi, kitu hafanyi kamwe, akasema mawimbi yanakuja marefu na yameachana sana, na upepo wa hapa haujawa mkali kiasi hicho. Yaani bahari ilikuwa imesukumwa na kitu kilicho mbali. Jioni upepo ukaja.

Mkwaju wa Bagamoyo

Asanteni mno. Hilo la mawimbi marefu kutangulia upepo, na la Kusi inayogeuka mashariki, nimeyaandika ukutani pale vijana wanapotengenezea nyavu. Taa ya Dagaa, pole kwa wenzako. Mwana wa Kivinje, swali moja: kulipandisha dau kuliwachukua muda gani? Nataka kujua niwaite watu saa ngapi.

Mwana wa Kivinje

Mkuu, tulianza maji yalipoanza kujaa, tukangoja yatubebee sehemu ya kwanza, tukamaliza baada ya saa mbili na nusu. Maji yakiwa yametoka usijaribu, mtaumia migongo na chombo hakitasogea. Angalia bamvua pia, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Magogo yatayarishe mapema, kwa sababu siku yenyewe kila mtu anayatafuta. Bibi hutuuliza kila Aprili ikiingia kama magogo yapo. Mwaka huu yapo saba chini ya mkungu, na amekwenda kuyahesabu mwenyewe.