MREJESHO: Picha za ziwa linavyopanda Kibirizi

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza tupigeje picha za Ziwa Tanganyika linavyomeza ufukwe wetu hapa Kigoma ili ziwe ushahidi. Mdau mmoja wa pwani akanielekeza kwa wananchi wa Australia na California, ambao hupiga picha bahari inapojaa kwa bamvu (maji kujaa sana) kubwa kuliko zote za mwaka, waone maji ya kawaida ya miaka ijayo yatafika wapi.

Ziwa letu halina bamvu la kusubiri, kwa hiyo tunapiga kila mwisho wa mwezi, asubuhi kabla upepo haujachafua maji. Tunasimama palepale, na lazima kionekane kitu kisichohama. Tumechagua ukuta wa banda la dagaa. Alama ya tope ukutani inamfika mtu mzima kiunoni, na wavuvi wameandika tarehe juu yake kwa rangi ya mitumbwi. Picha hiyo inaongea kuliko zote.

Ila naomba tusiandike kwamba ni bahari inayopanda. Ziwa hili liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari. Linajazwa na mvua na mito kama Malagarasi, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Mvua zikizidi, maji huchukua muda mrefu kushuka.

Mwenye picha za zamani za Ujiji au Katonga, hata za harusi, mradi ufukwe unaonekana nyuma, tafadhali atutumie na mwaka wake.