Shahidi akisema "nilimwona kwa macho yangu", inatosha kumfunga mtu?

Kibatari: Wakuu, tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri (1980), Mahakama ya Rufani ya Tanzania inasema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Hakimu apime: aliangalia muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimjua kabla? Hayo yote yanapima jicho, hayapimi kilichoingia kichwani baadaye. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al iliangukia maghorofa ya Bijlmer, Amsterdam. Hakuna kamera iliyonasa ikigonga. Mtafiti Crombag na wenzake wakauliza watu 193 kama waliona filamu ya tukio hilo kwenye televisheni. 107 wakasema ndiyo! Hizi ndizo kumbukumbu za uongo. Bila ushahidi mwingine, mtu asifungwe.

Nondo: "Za uongo"? Mama kaporwa mkoba, anatetemeka kizimbani, halafu wewe unamwita mwongo?

Kibatari: Sijamwita mwongo, Nondo. Mwongo anajua ukweli anauficha. Huyu anaapa kwa moyo safi.

Nondo: Basi tafuta neno jingine. Wakili wa mtuhumiwa akilishika hilo, shahidi amekwisha.

Bint Saidi: Nondo ana haki hapo. Semeni "kumbukumbu potofu". Neno si jambo dogo kwenye fani hii. Yule mwanasaikolojia Loftus hakuonyesha watu gari likivunja kioo wakakikumbuka?

Kibatari: Hapana dada, kioo hakikuvunjika, na hapo ndipo uzito wa jaribio ulipo. Ni Loftus na Palmer, 1974, wanafunzi 150, filamu fupi ya ajali. 50 waliulizwa mwendo wa magari "yalipopondana", 50 "yalipogongana", 50 hawakuulizwa mwendo. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Waliosema ndiyo: 16, 7 na 6. Kitenzi kimoja tu.

Bint Saidi: Kwa hiyo neno linabadili picha, na bado unang'ang'ania "uongo".

Kibatari: Haya, potofu. Turudi kwenye hoja.

Mwalimu Tano: Hoja yenyewe umeivuta mno, ndugu yangu. Jaribio la McCloskey na Zaragoza, 1985: mtu anaona picha ya fundi na nyundo, kisha anasoma maelezo yanayotaja bisibisi. Ukimuuliza "nyundo au bisibisi?", wengi wanapotoka. Ukimuuliza "nyundo au spana?", spana ambayo haikutajwa popote, anafanya vizuri sawa na ambaye hakupotoshwa. Picha haikufutwa. Usimtupe shahidi, rekebisha swali.

Kibatari: Na gwaride la utambuzi, polisi wanapopanga watu mstari shahidi achague, ni swali gani, Mwalimu? Shahidi kaonyeshwa sura kwenye simu jana yake, leo anasimamishiwa sura hiyohiyo. Hiyo ndiyo bisibisi, na imo mstarini. Ronald Cotton, aliyefungwa kwa ubakaji wa 1984 huko North Carolina, Marekani: kati ya waliokuwa kwenye picha alizoonyeshwa shahidi, ni yeye peke yake aliyesimama pia kwenye gwaride. Kipimo cha DNA kilimtoa gerezani 1995.

Mwalimu Tano: Sasa unazungumzia polisi, si kumbukumbu. Picha isionyeshwe kabla. Askari anayeendesha asimjue mtuhumiwa ni yupi, maana macho yake yanasema. Shahidi aambiwe mapema kwamba mhusika huenda hayumo. Wanaopangwa wote walingane na maelezo aliyotoa mwanzo: akisema kovu, asiwe mmoja tu mwenye kovu. Na akichagua, maneno yake yaandikwe papo hapo, "nadhani ni huyu" ibaki "nadhani", kabla mtu hajamwambia "umepatia". Akishaambiwa hivyo, mahakamani atakuja na "nina hakika kabisa", na hakika hiyo ataikumbuka kama aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Nondo: Hilo la "umepatia" nimelielewa. Lakini mama wa mkoba aliporwa na mtu wa mtaani kwake, anamjua tangu utotoni. Gwaride la nini?

Bint Saidi: Mbona hukusema hivyo mwanzo? Huo ni utambuzi wa mtu anayejulikana. Tulikuwa tunajadili wageni.

Nondo: Nilikuwa najibu neno "uongo".