Nyota tano, nyota tatu au aliyejileta mwenyewe: nani hufika mbali kwenye futiboli ya vyuo Marekani?

MjombaColumbus
Wakuu, salamu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa, na mji huu usipojua habari za Ohio State, timu ya chuo cha hapa, unaonekana umeshuka kwenye ndege jana. Jumapili tulikuwa tunachoma nyama, tukabishana na shemeji yangu kama nyota wanazopewa vijana zina maana, mpaka mkaa ukazima. Tumewekeana mbuzi mzima, kwa hiyo naomba mnisaidie kwa hoja, si kejeli.

Kwa wasiofuatilia: kijana akiwa bado sekondari, wachambuzi wa Rivals, 247Sports na ESPN wanampa nyota. Wenye tano ni wachache, kama 30 hivi kwa mwaka nchi nzima. Wa nne ni mia kadhaa. Wa tatu ni kama mchanga wa pwani. Chini yao kuna wasio na nyota, na wengine wanaingia timu ya chuo bila ufadhili wowote, ada juu yao. Hao nawaita waliojileta wenyewe.

Msimamo wangu: nyota ni kelele za soko. Tazameni waliotamba NFL, ligi ya kulipwa: Patrick Mahomes alikuwa nyota tatu. Lamar Jackson tatu. Aaron Donald tatu. Josh Allen hakuna chuo kikubwa kilichomtaka, akaanzia Reedley, chuo kidogo cha California, ndipo Wyoming wakamchukua. Halafu mtazameni Quinn Ewers. Alipewa alama kamili, ile ambayo haizidi tena, akaja hapa hapa Ohio State, akahamia Texas, na kwenye drafti ya 2025, zoezi la timu za NFL kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, jina lake likaitwa la 231, raundi ya saba. Shemeji anasema nachagua majina yanayonifaa. Haya, semeni.

ShangaziHouston
Mimi niko upande wako mdogo wangu. Huku Houston tulimshangilia J.J. Watt miaka mingi, na yule alikuwa nyota mbili tu. Alianza Central Michigan wakamchezesha nafasi nyingine kabisa, akaacha, akarudi kwao Wisconsin akawa anapeleka piza Pizza Hut huku akitafuta nafasi kwenye timu ya chuo bila ufadhili. Baadaye tuzo ya mlinzi bora wa NFL mara tatu. Nyota hizo zilikuwa wapi?

Hesabu_Kwanza
Mjomba, andaa kamba ya mbuzi.

Kosa lako ni lile lile la mtu anayesema shule za kata ni bora kuliko Ilboru kwa sababu chuo kikuu amekutana na wengi wa kata. Lazima ukutane nao, ndio wengi! Swali si wangapi wamefika, ni wangapi wamefika kati ya wangapi walioanza. Nyota tatu ni zaidi ya elfu moja kila mwaka. Drafti nzima ina nafasi kama 257. Hata asilimia ndogo sana ya nyota tatu inatosha kujaza ligi, na hao ndio unaowaona Jumapili kwenye runinga. Wale wa nyota tano, kama nusu yao au kidogo zaidi huchukuliwa kwenye drafti. Wa nyota tatu ni wachache sana kwa kila mia.

Sasa nikuonyeshe bila kuchagua majina. Chukua kila aliyekuwa namba moja kwenye orodha ya jumla ya 247Sports kuanzia 2011 hadi 2020, miaka kumi mfululizo, usiruke hata mmoja:

2011 Jadeveon Clowney, South Carolina, akawa chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2014. 2012 Dorial Green-Beckham, raundi ya pili. 2013 Robert Nkemdiche, raundi ya kwanza. 2014 Leonard Fournette, wa nne kwa jumla. 2015 Trent Thompson wa Georgia, hakuitwa kabisa. 2016 Rashan Gary, wa 12. 2017 Jaelan Phillips, wa 18. 2018 Trevor Lawrence, chaguo la kwanza 2021. 2019 Nolan Smith, wa 30. 2020 Bryan Bresee, wa 29.

Wanane kati ya kumi raundi ya kwanza. Nitafutie vijana kumi wa nyota tatu, uwachague kwa macho yaliyofumbwa, uone kama unapata hata mmoja.

MjombaColumbus
Nimekusoma Hesabu, na umenipiga penyewe. Lakini kuitwa kwenye drafti ni kitu kimoja na kufanya kazi ni kingine. Nkemdiche unamhesabu amefaulu? Arizona walimchukua 2016, kufika 2019 wakamwacha. Green-Beckham alifukuzwa timu ya Missouri akiwa bado mwanafunzi, na huko NFL hakudumu. Hao ni namba moja wawili mfululizo! Mwingine hakuitwa. Watatu kati ya kumi ni mchezo?

Hesabu_Kwanza
Watatu kati ya kumi wameanguka, sikatai. Ila rudi kwa Phillips. Alienda UCLA, akagongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, akapata mitikisiko ya ubongo, akatangaza ameacha mpira. Baadaye akahamia Miami, akacheza msimu mmoja, raundi ya kwanza. Kijana wa nyota tatu akipitia hayo, nani anamngoja? Nyota tano ni kama jina la ukoo mkubwa: ukikosea mara ya kwanza bado mlango unafunguliwa. Wachambuzi wanaona kipaji, ndiyo, lakini nyota zenyewe pia zinamnunulia kijana nafasi ya pili na ya tatu. Hilo ungeweza kulitumia kunibishia, nashangaa hukulitumia.

KochaMsaidizi_TX
Nasaidia kufundisha timu ya sekondari moja huku Texas, upande wa walinzi. Naona mnahesabu vizuri ila hamjaeleza nyota zinatoka wapi, na ndipo penye utamu.

Mchambuzi anatazama video, anakuja kwenye kambi za majira ya kiangazi, anapima urefu, uzito, mbio. Halafu anatazama ni vyuo gani vimemtaka kijana. Chuo kikubwa kama Alabama wakimtaka, nyota zinapanda; nyota zikipanda, vyuo vingine navyo vinamtaka. Yai na kuku. Kijana wa mji mdogo ambaye hakuna aliyekuja kumwona anabaki na nyota mbili hata kama ana uwezo. Na wale 32 ambao 247Sports huwapa nyota tano kwenye orodha yao wenyewe, idadi hiyo imeigwa kwenye raundi ya kwanza ya drafti yenye nafasi 32. Kwa hiyo wanatabiri drafti. Hawatabiri nani atakuwa mchezaji bora wa chuo.

Nafasi anayocheza kijana nayo ina neno. Mkimbiaji au mpokeaji mwenye mbio unamjua akiwa na miaka 16, mbio hazijifichi. Lakini mtu wa mstari wa mbele, wale majitu wa kumlinda kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, mwili wake unaweza kukamilika akiwa na miaka 21. Nimewaona wembamba kama mpini wa jembe, wakirudi kutusalimia baada ya miaka mitatu hawapiti mlangoni. Huko ndiko nyota zinapokosea zaidi.

Kwotabeki ni balaa lake mwenyewe, kwa sababu uwanjani anaingia mmoja tu. Nyota tano wawili kwenye chuo kimoja, mmoja lazima akae benchi. Angalieni Georgia 2021. Alikuwepo JT Daniels, nyota tano wa 2018. Akaumia. Akaingia Stetson Bennett, kijana aliyejileta mwenyewe 2017, akaenda chuo kidogo cha Mississippi mwaka mmoja, akarudi. Bennett akashika usukani, akachukua ubingwa wa taifa Januari 2022, akaurudia Januari 2023. Daniels akahamia West Virginia, kisha Rice, chuo cha nne hicho ukihesabu alikoanzia kabla ya Georgia, akaacha mpira kwa sababu ya majeraha ya kichwa.

Ila Mjomba usishangilie bado. Bennett alikuwa amezungukwa na nani? Georgia ile ilijaa nyota nne na tano kila upande. Fainali ya 2023 walicheza na TCU, timu iliyofika kwa moyo na vijana ambao hawakuwa na nyota nyingi. Matokeo 65 kwa 7. Nililala kipindi cha pili.

MjombaColumbus
65 kwa 7 nilikuwa nimeisahau kwa makusudi.

JirilaNairobi
Naingilia kidogo tu. Kwenye kundi la wasio na nyota mmemsahau wetu, Daniel Adongo. Mkenya, alikuwa mchezaji wa raga, hajawahi kucheza futiboli ya Marekani hata siku moja, Indianapolis Colts wakamsajili 2013 na mwaka huo huo akaingia uwanjani kwenye mechi ya ligi. Hakudumu, lakini chuo hakupitia, nyota hakuwa nazo, aliingia kwa mlango wa uani.

MzukuluWaMasaka
Jirani, na sisi Uganda tuna wetu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wetu wa kwanza ambaye utawala wa Amin ulimuua 1972. Mjukuu kazaliwa Indianapolis, kasoma Boston College, raundi ya kwanza 2006, nafasi ya 32, ya mwisho kabisa ya raundi. Alibaki New York Giants maisha yake yote ya mpira na akashinda Super Bowl, fainali ya NFL, Februari 2012. Simleti kama ushahidi wa upande wowote, nimemleta kwa sababu ni wetu.

MamaZuhura
Kaka zangu, samahani, mimi mbuzi hainihusu. Mwanangu anacheza hapa Dallas, amepewa nyota tatu mwezi uliopita. Chuo kikubwa kimoja kinamtaka lakini kocha wao amesema wazi itabidi angoje. Chuo kidogo kinamwambia njoo ucheze mwaka wa kwanza. Baba yake anataka jina kubwa. Mngefanyaje?

KochaMsaidizi_TX
Dada yangu, kwanza hongera, nyota tatu si haba. Tazama maelfu wanaomaliza sekondari bila chuo hata kimoja kuwapigia simu.

Zamani ningesema aende pakubwa, kwa sababu kuhama kulikuwa adhabu, unakaa nje mwaka mzima. Tangu 2021 mambo yamegeuka, kijana anahama na kucheza msimu unaofuata. Cam Ward alicheza sekondari hapa hapa Texas kwenye timu iliyorusha mpira mara chache, akabaki bila nyota. Incarnate Word ya San Antonio wakampokea. Akacheza, akahamia Washington State, akahamia Miami, na 2025 akawa chaguo la kwanza la drafti nzima. Angekaa benchi chuo kikubwa miaka mitatu, video zake zingetoka wapi?

Kukaa benchi nako kuna faida ukiwa na makocha wazuri na mwili ukiwa bado unakua. Mwanao anacheza nafasi gani?

MamaZuhura
Mstari wa mbele, kaka. Ana miaka 17, viatu vyake nanunua kwa kuagiza.

KochaMsaidizi_TX
Basi nabadilisha jibu. Mtu wa mstari hana haraka. Muulize kocha wa chuo kikubwa wazee wa mstari wanaomaliza ni wangapi na lini, uyaandike mbele yake. Uulize pia ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi, na kijana akivunjika mguu itakuwaje. Siku hizi vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, msimu wa 2025 kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, michezo yote, kwa hiyo kila ahadi ya fedha itakuwa kubwa. Aandike, asaini. Maneno ya sebuleni hayalipi.

Hesabu_Kwanza
Nyongeza kwa Mjomba wa Columbus: Joe Burrow alikaa benchi hapo hapo kwenu, akaona nafasi haipo, akahamia LSU 2018. Mwaka uliofuata Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kisha ubingwa, kisha chaguo la kwanza 2020.

MjombaColumbus
Hesabu, hilo la Burrow hapa mjini halitajwi kwenye chakula.

Haya, nimesoma yote, shemeji naye amesoma, ameshanitumia vicheko kumi na viwili. Kuhusu nani ana uwezekano mkubwa wa kufika drafti, nimeshindwa, nyota tano. Nilichobaki nacho ni hoja ya Kocha kuhusu watu wa mstari na kwotabeki, nayo naitumia kudai nusu mbuzi. Shemeji anasema nusu haichinjwi. Jumamosi naenda shamba moja nje ya mji kumtafuta, walio karibu mje na pilipili zenu. MamaZuhura, utuambie kijana amechagua wapi.