Shawa ya umeme inaunguza hata kwenye vuguvugu, tatizo nini?

Mkazi_Njiro
Wakuu habari. Nyumba iko Njiro, Arusha. Shawa ni ya umeme, hizi za kuchemsha papo hapo, wati 5500, yenye alama tatu: baridi, vuguvugu, moto. Hata kwenye vuguvugu maji yanaunguza, na ukibana koki ndiyo yanazidi. Maji yanatoka kwenye simtenki, mnara wake mfupi. Fundi anashauri koili, ule waya wa ndani unaochemsha maji, ikatwe kidogo ili moto upungue. Ni sawa?

Fundi_Umeme_Moshi
Mkuu, koili isikatwe kabisa! Ikifupishwa, ukinzani unashuka, umeme mwingi zaidi unapita, moto unaongezeka. Koili ya wati 5500 kwa volti 220 ina omu kama 8.8. Ikatwe robo, zinabaki 6.6, kwa umeme wa nyumbani wa volti 230 hapo unavuta karibu ampea 35, kilowati 8. Waya wa 4mm na breka ya 32A vinazidiwa. Koili hubadilishwa nzima, ya wati na volti zile zile.

Shida yako ni uchache wa maji. Koili inatoa joto lile lile, maji yapite mengi au kidogo, ndiyo maana ukibana koki unaungua. Zima breka, fungua koki yote, kinga ndoo kwa dakika 1, kisha pima. Chukulia vuguvugu ni kilowati 3: ukipata lita 1.5, maji yanapanda nyuzi kama 29, yaani yaliyoingia na 20 yanatoka na 49. Ukipata lita 2.5 yanapanda 17 tu, unaoga na 37. Hiyo ndiyo ya kulenga.

BombaSafi
Kabla ya kurefusha mnara ili kupata presha, ondoa uchafu. Breka chini, funga geti valvu, fungua uso wa shawa, uloweke kwenye siki nusu saa, usugue vitundu kwa mswaki. Halafu ng'oa shawa kwenye bomba, angalia mdomo wa kuingilia maji: kuna kichujio kidogo, na masika huwa kimejaa tope. Hapo hapo nyingine huwa na kipunguza presha, kiplastiki chenye tundu dogo. Hicho ni cha presha kubwa; kwa tenki fupi kitoe.

Wakati wa kurudisha, acha maji yapite kwanza kwenye alama ya baridi hadi yatoke bila hewa, ndipo upandishe breka. Koili ikiwaka kavu inakatika papo hapo. Na alama ibadilishwe maji yakiwa yamefungwa.

Mkazi_Njiro
Nashukuru sana. Na mnara uwe na urefu gani?

BombaSafi
Pima kutoka kichwa cha shawa hadi chini ya tenki, siyo kutoka ardhini. Mita 1 ni ya kubahatisha: tenki likipungua jioni, raba ya ndani ya shawa, inayosukumwa na maji, inashindwa kubonyeza swichi ya koili, maji yanaruka moto, baridi, moto. Weka mita 2. Bomba kutoka tenki liwe la robo tatu ya inchi; la nusu inchi lianzie bafuni tu. Kona nyingi za nusu inchi zinakula presha yote uliyoijengea mnara.

Fundi_Umeme_Moshi
Fundi akiwa hapo, akague pia waya wa ethi wa shawa na breka ya 30mA inayokata umeme ukivuja. Kama havipo, msiogee hapo hadi viwekwe.